Dropa za Mafuta: Kioo Kioshwe, Mpira Ubadilishwe

Karibu kila anayetengeneza sabuni na vipodozi nyumbani ana kopo lililojaa dropa (vifaa vya kudondoshea mafuta tone kwa tone) zilizokwisha kutumika, ambazo huona uchungu kuzitupa na wakati huohuo huogopa kuzitumia. Uchungu huo una haki yake, na woga pia una haki yake, kwa sababu dropa moja ni vitu vitatu vilivyounganishwa: mrija wa kioo, kifuniko cha plastiki na kichwa cha mpira ambacho tunakibinya. Kioo kinaweza kuoshwa na kutumika kwa miaka mingi bila shaka yoyote. Kifuniko hudumu kwa muda kikitunzwa. Mpira ndio unaochoka kwanza, na kwa maoni yangu mpira haustahili kuhamishwa kutoka mafuta ya aina moja kwenda mafuta ya aina nyingine, hata ukiwa umeoshwa namna gani.

Anayetaka kujua sababu aangalie mpira uliokaa kwa miezi michache juu ya chupa ya mafuta ya karafuu, yale yanayopatikana kwa kupitisha mvuke kwenye makonyo au majani ya mkarafuu kule Pemba. Sehemu kubwa ya mafuta hayo ni kemikali iitwayo yujenoli, na mvuke wa yujenoli hupanda ndani ya chupa hata kama chupa imesimama wima na mafuta hayajaugusa mpira. Mpira wa kawaida huvimba, hulegea, hunata vidoleni, kisha hupasuka kwenye shingo, pale unapoushika mrija. Ukiubinya karibu na mwanga utaona nyufa nyembamba zikifunguka. Chembe za mpira unaooza namna hiyo hushuka kwenye mrija na kuingia kwenye mafuta tunayompaka mtu. Mafuta ya mchaichai na ya maganda ya machungwa nayo huuharibu mpira vilevile. Ndiyo maana mafuta yote ya aina hii yanapaswa kuhifadhiwa kwenye chupa yenye kifuniko cha kawaida kisicho na mpira, na dropa ichukuliwe siku ya kazi tu. Mipira ya silikoni huvumilia joto vizuri zaidi, lakini nayo hufyonza harufu.

Harufu ndiyo kipimo changu cha mpira. Baada ya kuuosha na kuukausha, ninautia kwenye chupa tupu yenye kifuniko na kuuacha humo usiku kucha. Asubuhi ninafungua na kunusa. Ukiwa bado unanukia karafuu, unabaki kuwa wa karafuu, na ninaubandikia karatasi yenye jina hilo. Ukinata au ukiwa na ufa, unakwenda kwenye taka.

Katika kuosha, jambo la kwanza ni kuzitenganisha sehemu zote tatu, kwa kuwa uchafu hujificha pale mpira unapokutana na kioo. Futa mafuta kwanza kwa karatasi laini au pamba kabla ya kutumia maji. Mafuta ya nazi huganda joto linaposhuka chini ya nyuzi 24 hivi, kwa hiyo mwenzangu wa Lushoto au Njombe atayakuta yameziba mrija mzima, na maji ya baridi hayatamsaidia. Aloweke mirija katika maji ya uvuguvugu yenye sabuni hadi mafuta yayeyuke. Mafuta ya mnyonyo ni mazito na yanahitaji muda mrefu zaidi wa kulowekwa. Mafuta ya karafuu nayo ni mazito kuliko maji, hivyo hayaelei, bali hutuama chini ya beseni kama vitone vya rangi ya dhahabu. Anayesuuza kwa kuchovya chovya katika beseni lilelile huyarudisha kwenye mirija yake, na ni afadhali asuuze kwa maji yanayotiririka.

Sabuni ya kuoshea isiwe ile ya mche tuliyoitengeneza wenyewe, ingawa najua inauma kusikia hivyo. Maji ya visima katika sehemu nyingi za Dar es Salaam na Pwani yana chumvichumvi, na sabuni ya mafuta na kostiki ikikutana na kalisi (kalsiamu) iliyomo huacha utando mweupe ambao hushika ndani ya mrija. Sabuni ya maji ya kuoshea vyombo haina tatizo hilo. Ingiza burashi nyembamba, ile ya kusafishia mirija ya kunywea, kwa upande mpana wa mrija, usilazimishe ipite kwenye ncha, kisha urudishe mpira kwa muda ili uvute na kusukuma maji ya sabuni mara kadhaa hadi ncha nayo isafike. Alama nyeupe za chumvi huondoka kwa siki iliyochanganywa na maji. Siki hiyo isikutane kamwe na Jik au dawa nyingine yenye klorini, kwa sababu mchanganyiko huo hutoa gesi ya klorini inayoumiza mapafu. Na kwa kuwa klorini huuchakaza mpira pia, mimi siitumii kabisa katika kazi hii.

Baada ya kuosha ndipo tunapoua vijidudu, maana spiriti haiwezi kufanya kazi yake vizuri juu ya utando wa mafuta. Mirija ya kioo iwekwe kwenye sufuria yenye maji ya baridi juu ya kitambaa, maji yachemke polepole na kuendelea kuchemka kwa dakika 10, kisha ipoe humohumo, kwa kuwa kioo cha bei nafuu hupasuka kikikutana na joto la ghafla. Mipira na vifuniko visichemshwe pamoja nayo. Viloweshwe kwa spiriti ya asilimia 70. Watu wengi hudhani spiriti kali zaidi ndiyo bora, lakini maji kidogo yaliyomo huisaidia kuharibu protini za bakteria na huizuia isikauke upesi mno. Mwenye spiriti ya asilimia 95 achukue mililita 737 na aongeze maji yaliyotoneshwa hadi ifike lita 1, mbali na jiko linalowaka. Spiriti ya kuwashia taa, yenye rangi na methanoli, haifai.

Kukausha ni muhimu kuliko inavyodhaniwa. Tone moja la maji lililobaki shingoni mwa mpira linatosha kuwapa bakteria makazi, na vipodozi vyenye maji ndani yake, kama losheni, jeli ya mshubiri au maji ya waridi, ndivyo vinavyoathirika zaidi. Kwa vipodozi hivyo mimi hutumia dropa mpya, na siokoi kitu isipokuwa kioo. Kwa mafuta matupu, kama ya ubuyu au ya parachichi, tatizo huwa jingine: mabaki ya mafuta yaliyoharibika huharakisha kuharibika kwa mafuta mapya.

Dropa iliyotoka kwenye chupa ya dawa ya macho, dawa ya wadudu au krimu ya kung'arisha ngozi isiyojulikana viambato vyake isiguse kipodozi chochote, hata ikiwa inang'aa. Anayeuza bidhaa zake anunue dropa mpya kwa kila chupa. Tanzania Bara usimamizi wa vipodozi uko mikononi mwa TBS (Shirika la Viwango Tanzania) tangu 2019, na mteja ana haki ya kupewa chombo ambacho hakijapita kwa mtu mwingine. Dropa zilizooshwa zibaki kuwa za kazi ya mezani kwetu.

Katika kazi hiyo ya mezani, iangalie ncha. Ncha iliyomeguka hubadilisha ukubwa wa tone na inaweza kuacha vipande vya kioo, kwa hiyo mrija huo utupwe. Hata iliyo nzima haipimi kwa uhakika: hesabu ya matone 20 kwa mililita 1 ni ya maji, na mafuta yenye harufu hutoa matone madogo zaidi kwa sababu mvutano wa uso wake, yaani nguvu inayolishikilia tone, ni mdogo. Katika gramu 100 za mafuta ya kupaka sizidishi gramu 0.5 za mafuta ya karafuu, kwa kuwa yujenoli huwasha ngozi na huwaletea wengine mzio, na gramu hizo nazipima kwa mizani ndogo inayosoma sehemu ya mia ya gramu. Dropa inanisaidia kudondosha polepole huku macho yakiwa kwenye mizani.

Mirija ikishakauka kabisa juu ya kitambaa safi, ninaitia kwenye chupa ya kioo yenye kifuniko, na mipira ninaiweka kando katika mfuko wake wenye jina la mafuta. Siku ya kazi, kabla ya kuiunganisha tena, ninapitisha spiriti na kusubiri ikauke.