Kutoka Leicester hadi Brixton, tukimfuata Rotimi

Treni ya Jumamosi kwenda London ilijaa, lakini tulipata viti vyenye meza. Rafiki yangu, mzaliwa wa Bukavu, alikuwa ameazima maktaba kitabu cha picha alizopiga Rotimi Fani-Kayode. Mimi ni wa Mombasa. Kiswahili chake na changu havifanani, ila tunaelewana bila taabu.

Akafungua ukurasa wa "Sonponnoi", picha ya mwaka 1987. Ni mwili wa mwanamume mweusi, ngozi imejaa madoa, mishumaa mitatu inawaka mikononi. Sonponnoi ni mungu wa ndui wa Wayoruba, anayeogopwa hata kutajwa jina. Rotimi alimleta studio miaka ile UKIMWI ulipokuwa ukiwamaliza vijana wa London.

"Yaya, ona vile anasimama," akaniambia; kwao yaya ni ndugu mkubwa. "Sawa mwami."

Kweli alisimama kama mfalme. Rotimi alizaliwa Lagos mwaka 1955, katika ukoo wenye mamlaka ya kidini kule Ife. Mwaka 1966, baada ya mapinduzi, familia ikakimbilia Brighton. Akaja kusomea sanaa Marekani, kisha akarudi Uingereza na kuishi Brixton na mpenzi wake, Alex Hirst. Wengi wetu tulio ughaibuni tumeambiwa tuchague: ama mila za kwetu, ama yule tunayempenda. Yeye alikataa kuchagua. Miungu ya babu zake aliivisha miili ya wanaume wenzake, na picha zikapata nguvu kutoka pande zote mbili.

Mimi nilikuwa nimeshagawanyika. Kiswahili ni cha mama kwenye simu, cha salamu na misiba. Mapenzi yangu nilikuwa nayasema kwa Kiingereza tu.

Tulipita kwanza Rivington Place, makao ya Autograph, taasisi ya wapiga picha Weusi ambayo Rotimi alishiriki kuiasisi mwaka 1988 na kuwa mwenyekiti wake wa kwanza. Alifariki Desemba 1989, hajatimiza miaka 35. Kazi zote hizo alizifanya kwa takriban miaka sita. Inauma.

Tukabadilisha treni Stockwell, tukashukia Brixton. Miaka ya 1970, kwenye Railton Road, mashoga waliingia nyumba zilizoachwa tupu wakaishi humo pamoja. Tulitembea barabara ile polepole, watu wanarudi sokoni na mifuko yao.

"Yaya, mulikutana wapi na bwana yako?"

Nikamjibu kwa Kiswahili, kwa sauti yangu ya kila siku: kwa kinyozi, Leicester, kila mtu akingoja zamu yake. Nikamweleza alivyocheka, nilivyomtamani, anavyonipikia wali wa nazi nikiumwa. Maneno yalikuja tu, hata sikuyatafuta. Rafiki yangu naye akaanza kunisimulia habari za mume wake.

Tumekubaliana safari ijayo iwe Brighton, na mara hii waume wetu waje.