Gamba la chunusi linanunua nini?

Ukitunga ulimwengu wa kubuni na unataka fedha yake itoke kwa kiumbe, uliza kwanza kiumbe huyo anaacha nini, na mara ngapi. Popobawa, jini wa usiku wa Pemba na Unguja, hafai: haachi kitu ila hofu, na hofu haina chenji. Chunusi, jini wa majini, anafaa. Tuseme anapukutisha magamba kila bamvua, yaani maji ya bahari yakijaa na kupwa kuliko kawaida, watu wanayaokota maji yakipwa.

Hesabu ndiyo inayowashinda wengi. Bamvua ni mbili kwa mwezi. Kila moja ikitoa magamba 50, mwaka mzima ni kama 1,200. Yasipoharibika, baada ya miaka 10 kisiwa kina 12,000, samaki ni wale wale, na changu wa gamba 1 sasa hapatikani hata kwa 8. Kwa hiyo gamba lazima life. Lipe miezi 12, kisha likauke lipasuke. Hapo mkopeshaji atalikataa gamba la miezi 11, au atalipokea kwa nusu bei, na ugomvi wa sokoni umeupata bure. Nahodha aliyekuja na kaskazi hatalitaka kabisa, maana mpaka kusi imrudishe kwao limeshazeeka, mlipe karafuu.

Bei ianze na chakula, si na upanga. Gamba 1 kwa pishi 1 ya mchele, yaani vibaba 4, na vingine vyote vifuate hapo. Vipande vyake visiwe 100. Riyali ya Sayyid Barghash, mtawala wa Zanzibar, ya 1882 ilikuwa na vipande 136 vilivyoitwa pesa, namba isiyogawanyika kwa 3 wala kwa 5. Namba kama hiyo humlisha mvunja fedha.

Gamba bandia litachongwa kwa kombe la chaza. Kamulia ndimu: kombe hutoa povu, kwa kuwa ni chokaa. Mjanja atalipaka sandarusi, utomvu mgumu wa mti, ili ndimu isipenye, basi likwaruze kwa kisu kwanza.

Maandishi? Tazama sarafu ndogo za fedha za Mtambwe Mkuu, Pemba, zilizofukuliwa mwaka 1984, zaidi ya 2,000. Upande mmoja jina la mtawala, wa pili kumtegemea Mola, na maneno ya pande zote mbili yana kina kimoja, kama shairi. Ila gamba usiligonge kwa nyundo, litapasuka. Lichome kwa sindano ya moto, maneno yasizidi manne kila upande.