Henga ya Mapipa

"Baba, huu ni mtego wa popo?"

Binti yangu kaichomoa chini ya kitanda. Henga ya waya iliyokunjwa duara, imevalishwa stokingi kuukuu ya shangazi yake, ambaye hadi leo hajui ilikokwenda.

Chujio la pumzi, mwanangu. Unakunja waya upate duara la ukubwa wa kisahani, unavuta stokingi tabaka mbili, unakaza. Mdomo unakaa shibiri moja kutoka kwenye maiki, chujio katikati. Bila hilo, kila "p" na "b" inaipiga maiki kofi, na kofi hilo likishaingia kwenye rekodi halitoki kirahisi.

Basi nikairudia ile siku ya 2003, kile chumba chetu cha kurekodia cha Magomeni Mapipa, Dar es Salaam. Marapa wa kike Zay B na Sister P walishafungua njia, lakini wengi wetu bado tulipanga mitambo kwa koo la kiume. Godoro limeegemezwa ukutani (trei za mayai zilikuwa pambo tu, mwangwi unamezwa na godoro), feni imezimwa isivume, simu ziko nje kwa sababu ya ule mlio wa titi-titi-titi spikani kabla hazijaita. Joto, basi tena.

Dada aliyekuja kurekodi alikuwa kidato cha nne. "S" zake zilichoma masikio kama sindano. Kosa lilikuwa langu: nilikuwa nimepandisha sauti za juu kama nilivyozoea kwa wale vijana wenye vifua vizito. Nikazirudisha sifuri, nikaigeuza maiki ielekee shavu badala ya meno. Ikatulia.

Tatizo la pili halikuwa la mitambo. Alijifunza kuchana kwa kanda za Wamarekani, na wao mstari huishia mara nyingi kwenye neno la silabi moja, pa! juu ya sneya, ile ngoma kali ya mdundo. Kiswahili hukaza silabi ya pili kutoka mwisho. Ukiitua silabi ya mwisho kwenye sneya, "kijana" anageuka "kijanaa" na wasikilizaji wanacheka. Tukarudisha kila mstari nyuma kidogo ili "ja" ndiyo ikae kwenye sneya. Na vina: "a" kwa "a" si kina, maana nusu ya maneno yetu yanaishia "a". "Vumilia" na "pigania," hapo sawa. Pumzi tukaziwekea alama ya mkwaju kwenye daftari, kila baa (mapigo manne) ya pili.

Mara tatu akakwama baa ya kumi na moja. Nikamsimulia rapa Roxanne Shanté wa Queensbridge, New York: mwaka 1984, umri miaka 14, yuko njiani kwenda kufua, akapitia kwa prodyuza Marley Marl, akachana "Roxanne's Revenge" kwa mkupuo mmoja kuwajibu kundi la UTFO, akaenda zake.

"Kaka, huyo nguo zake zinafuliwa na mashine," akasema. "Zangu nimeloweka tangu asubuhi, na mama anarudi saa kumi."

Akavaa hedifoni. Baa 16 kwa mapigo 90 kwa dakika ni sekunde 43 hivi. Baa ya kumi na moja akaipita, tena bila kuvuta pumzi pale penye mkwaju. Akaibana mpaka ya kumi na tatu, na ule uchovu wa pumzi ukaufanya mstari utoke kama mtu anayegombana mlangoni. Sikumpangia hilo. Jasho likamdondoka kwenye daftari. Neno la mwisho likatua mahali pake, akaniangalia.

Umeme ukakatika.

Betri ya akiba ilishakufa zamani. Na kwenye kompyuta sikuwa nimehifadhi. Ya Shanté ilinaswa kwenye tepu, na tepu hata ukiichomolea waya inabaki na ilichomeza.

"Imeingia?" akauliza gizani.

Jumamosi alirudi. Akavuta pumzi kila penye mkwaju, safi kabisa. Redioni nikaisikia mara mbili, basi.

Binti kasikiliza yote, kidole kinatoboa stokingi. Nikamwambia kwamba 2025 Shanté alipewa Grammy ya heshima kwa kazi ya maisha yake.

"Na yule wa Mapipa alipewa nini?"

"Soda," nikasema. Sikumwambia kwamba tuligawana.