Shati jeupe na embe la Desemba

Hapa Lubumbashi Desemba ni mwezi wa mvua na maembe. Watoto wanaamka wanaokota yaliyoanguka usiku, wanayala hata chai haijachemka, na hakuna nguo inayobaki salama. Doa la embe ukilichelewesha ndiyo basi. Unafua kwa sabuni ya kipande, unaanika juani, unakuta rangi ya njano imegeuka kahawia, na itakaa hapo mpaka nguo iwe tambara la kufutia meza.

Mwaka jana, asubuhi ya tarehe 24, mwanangu wa pili, wakati huo ana miaka saba, alikula embe akiwa na shati jeupe mwilini. Lilikuwa limetoka kwa fundi usiku uliotangulia, baada ya mimi kumfuata mara nne, maana mwezi huo mafundi wanalemewa na kazi. Mtoto alilivaa ili alijaribu, akaona embe mlangoni. Maji ya embe yakachukua kola na vifungo viwili vya juu. Nilimpigia kelele mpaka jirani akaja kuuliza kuna nini. Nilimwambia ameharibu Noeli. Ndivyo nilivyosema, mbele ya jirani, kwa mtoto wa miaka saba.

Noeli yangu ilikuwa hivi: mapazia yote yanashushwa, yanafuliwa, yanapigwa pasi, na umeme ukikatika natafuta pasi ya makala. Kuku, mbuzi, samaki, makayabu (samaki wa chumvi), vyote meza moja. Wali na bukari, yaani ugali. Sombe, majani ya muhogo. Vitumbula vya watoto wa jirani, ndoo ya munkoyo, kinywaji chetu cha mahindi. Kikwembe (kitenge) kimoja kwa familia nzima siku ya sikukuu yenyewe, na shati jeupe kwa mtoto anayesema mstari wa Biblia kanisani usiku wa kuamkia. Unga wetu mwingi unatoka Zambia kwa njia ya Kasumbalesa, na malori yakikwama mpakani bei inaruka, kwa hiyo mifuko nilianza kuiweka tangu Oktoba. Na tangu Oktoba usingizi wangu ulikuwa wa kukatika katika. Mume wangu akiniambia nipunguze, nilimwona mtu asiyejua jinsi wageni wanavyotazama nyumba ya mwanamke.

Tena nilikuwa na andiko. Mathayo 5:48: "Basi ninyi mtakuwa wakamilifu, kama Baba yenu wa mbinguni alivyo mkamilifu." Nililiandika kwenye karatasi nikalibandika juu ya kabati la vyombo. Nikichoka nalisoma, naendelea.

Jioni ile kanisani mwanangu alivaa shati la buluu la kaka yake, mikono imekunjwa mara mbili. Watoto wakapanga mstari mbele. Walipobaki wawili kabla yake, nikasimama nikatoka. Mbuzi alikuwa juu ya mbabula, jiko la makaa, nyumbani, mama mkwe na mawifi wangekuja kesho yake, na moyo wangu ulikuwa kwenye ile sufuria. Nilikuta nyama iko salama kabisa. Ingekaa motoni saa nzima zaidi bila kuharibika.

Sikuuliza alisemaje. Wageni walikuja, walikula, walisifu, nikashukuru. Kisha ikaja Bonane, sikukuu ya mwaka mpya, nikapika tena.

Mwezi wa pili, jioni moja, tunaosha vyombo nje yeye na mimi. Mimi nasugua, yeye anasuuza. Maji yanamshuka mpaka kwenye viwiko, naye anasema polepole, kama mtu anayejiimbia: "Maana kwa ajili yetu mtoto amezaliwa, tumepewa mtoto mwanamume..." Nikamwambia ni maneno mazuri, nani amekufundisha? Akanitazama.

"Ni mstari wangu wa Noeli, Mama. Ulikuwa umetoka."

Hakuwa na hasira. Alisema hivyo akachukua sahani nyingine.

Nilimwomba auseme wote. Akaweka sahani chini, akafuta mikono kwenye kaptula, akasimama wima, mikono imenyooka pembeni kama walivyofundishwa, akausema mpaka "Mfalme wa amani". Pale penye "Baba wa milele" alikwenda mbio. Nilisikiliza nikiwa na povu la sabuni mkononi, na machozi yakatoka, akafikiri amekosea.

Usiku ule nilifungua Mathayo 5, safari hii nikaanza juu zaidi. Miaka yote nilikuwa nasoma mstari wa mwisho peke yake. Kabla yake Bwana Yesu anazungumza juu ya kuwapenda adui, na juu ya Baba ambaye "huwaangazia jua lake waovu na wema, huwanyeshea mvua wenye haki na wasio haki". Mvua hiyo naijua. Ikianza hapa kwetu, inanyesha kwenye uwanja wangu uliofagiwa na kwenye uwanja wa jirani asiyefagia. Ukamilifu anaousema pale ni huo, wa kumwaga bila kuchagua. Nami kwa andiko hilohilo nilimnyima mtoto wangu neno jema kwa sababu ya kola. Ile karatasi sikuitoa kabatini. Niliongeza mstari wa 45 juu yake.

Wako watumishi wanaohubiri kwamba mama apumzike na kumtafakari Bwana siku za sikukuu. Ni neno la kweli, ila nawaomba wakumbuke pia kwamba mara nyingi wao ndio wageni wa kwanza mezani. Waseme na wababa vilevile.

Mwezi uliopita nilikwenda Katuba kumwambia mama mkwe kwamba mwaka huu nitapika kuku na sombe, basi. Alikuwa anachambua sombe, akanyamaza sana. "Na makayabu hakuna, mwanangu?" Nikasema hakuna, Mama. Akachambua majani machache, akasema atakuja nayo mwenyewe. Wifi mmoja amesema nimeanza uvivu. Neno hilo limenikaa siku tatu, na leo bado linachoma. Mapazia ya sebuleni nimeyafua, maana napenda nyumba safi na sioni dhambi yake. Ya vyumbani yatakaa yalivyo.

Mwaka huu mwanangu amepewa Mika 5:2, na "Bethlehemu Efrata" inamshinda ulimi, kila usiku tunairudia. Shati jeupe nilimshonea kubwa kidogo, bado linamtosha, doa lake kolani. Papa yao ndiye atakayebaki na mbabula. Mwalimu wa shule ya Jumapili ameniambia zamu ya mwanangu ni ya sita. Jana tulipitia kanisani, nikamwonyesha nitakapokaa: benchi la pili, upande wa dirisha.