Usiku Ami alipotaka vipimo

Ami yangu hakubali kitu kwa kuambiwa tu. Kavua samaki hapa Malindi tangu ujana wake, afu akaja kuendesha boti ya kioo ya kupeleka watalii kule mbuga ya bahari, sa mtu akimletea habari za bahari anamsikiliza mpaka mwisho ndio aanze kumuuliza. Usiku huo wa 2019 tulikua barazani baada ya isha, muuza kahawa kashapita na dele lake, na maneno yakaangukia mabadiliko ya tabianchi manake leseni ya ule mtambo wa makaa ya mawe wa Lamu ilikua ndio kwanza imefutwa na kila mtu ana lake la kusema.

Ami ndie alieanza. Mwasema bahari yapanda, mbona hapa kwetu ufuo umezidi upana, zamani maji yalikua karibu sasa watembea mchangani mpaka uchoke! Na ni kweli, wenyeji wote wajua. Nikamuuliza, Ami, huo mchanga watoka wapi? Akasema watoka Sabaki, ni udongo wa bara huo, mvua zikinyesha huko juu bahari yote hapa yawa nyekundu. Nikamwambia basi jibu umeshalitoa, mto wajaza ufuo haraka kuliko bahari inavyopanda, lakini setilaiti zinazopima bahari za dunia nzima tangu 1993 zaonyesha maji yamepanda karibu sentimita 10. Akanyamaza kidogo, akasema haya, hilo nimelisikia.

Hapo kijana mmoja jirani akatoa simu, ana video, ati hewa ya ukaa, ile inayozidisha joto la dunia, yapimwa juu ya volkano kule Hawaii kwa hio wanachopima ni moshi wa mlima. Swali lenyewe ni zuri wallahi na nililijibu kwa moyo wote. Mauna Loa kweli ni volkano, mwanasayansi Charles Keeling alianza kupima pale 1958 akapata kama 315 katika kila sehemu milioni za hewa, na mwaka ule wa 2019 ilikua imeshapita 410. Lakini upepo ukivuma kutoka kwenye matundu ya moshi kipimo charuka ghafla na wanajua, vipimo hivyo vyawekwa kando, na kituo cha Ncha ya Kusini ambako ni barafu tupu nako hewa hio imepanda vile vile. Afu kuna hili la mwanawe, Ralph Keeling, alielipima kwa uangalifu mkubwa: oksijeni hewani yapungua kidogo kidogo, na kitu kikiungua ndivyo inavyokua, volkano haili oksijeni namna hio.

Kijana akasema hao wote wamelipwa. Ami akamgeukia taratibu, mwanangu, ukionyeshwa nini wewe utakubali? Akasema hakuna. Basi kwani wauliza, Ami akamwambia, na hakumsemesha tena usiku ule.

Mie hapo ndipo nilipomheshimu zaidi, manake yeye mwenyewe alikua bado ana shaka zake. Akatuhadithia 1998 alivyopita na boti juu ya matumbawe akakuta chini kweupe kote, watalii wafurahi wapiga picha, yeye roho yamuuma kwa kua ajua yanakufa. Lakini ile ilikua El Nino, lile joto la bahari linalokuja kila baada ya miaka kadhaa, akasema, na El Nino iko tangu enzi za mababu. Nikamwambia ni kweli iko, ila siku hizi yaikuta bahari ishapata joto tayari, ikiongeza lake matumbawe hayastahamili.

Akakubali nusu. Afu akanibana kwenye mvua: mwasema joto laleta mvua nyingi, mbona masika yazidi kupungua? Hapo nilimwambia ukweli kwamba hata wataalamu wenyewe bado wanabishana, hesabu za kompyuta nyingi zaonyesha Afrika Mashariki itapata mvua zaidi lakini masika kwa miaka mingi tangu miaka ya 1980 yameonekana kupungua, na sababu bado inatafutwa. Jibu hilo lilimpendeza kuliko yote nilomwambia. Akanituma nimtafutie vipimo vya mvua vya Malindi vya tangu zamani, mwaka kwa mwaka, avisome mwenyewe, na niviandike kwa herufi kubwa manake macho yake hayaoni vizuri.