Nilivyotoa DNA ya ndizi jikoni

Wanafunzi wa biolojia huambiwa wakariri jeni, kromosomu, kiini na kimeng'enya kama orodha. Mimi naona maneno hayo hukaa kichwani pale DNA yenyewe, molekuli ndefu inayobeba maelekezo ya urithi, inapozungushwa kwenye kijiti, na maabara si lazima.

Naponda kwa uma gramu 100 za ndizi iliyoiva sana. Blenda siitumii, inakatakata nyuzi za DNA. Nachanganya maji mililita 100, sabuni ya vyombo vijiko 2 vya chai na chumvi nusu kijiko, polepole povu lisijae, namimina kwenye ndizi. Sabuni huvunja utando wa seli na wa kiini, sehemu ya seli inayohifadhi DNA, kwa kuwa umejengwa kwa mafuta. Chumvi nayo wengi huipuuza. Fosfeti, sehemu za uti wa DNA, zina chaji hasi, hivyo nyuzi husukumana. Sodiamu ya chumvi huzifunika chaji hizo, nyuzi zikaweza kushikana. Baada ya dakika 10 nachuja kwa kitambaa bila kukamua.

Kwenye juisi iliyochujwa naongeza matone ya juisi ya nanasi bichi. Vimeng'enya vyake, protini zinazoharakisha kazi za kikemia, hukata histoni, protini ambazo DNA imejiviringisha juu yake. Nanasi la kopo halisaidii, joto limeshaviua.

Sasa spiriti, yaani alkoholi inayoitoa DNA kwenye juisi, ambapo ushauri mbaya umejaa. Eti yoyote inafaa! Changanya ya asilimia 70 na juisi kwa ujazo sawa: alkoholi inashuka hadi kama asilimia 35, na DNA nyingi inabaki imeyeyuka. Natumia ethanoli ya asilimia 95, mililita 20 kwa juisi mililita 10. Hata vikichanganyika, alkoholi inabaki juu ya asilimia 60. Jeli ya kutakasa mikono achana nayo kabisa, ute wake utaudhania DNA. Ethanoli iwe baridi sana, chupa imefungwa, mbali na moto: baridi hupunguza kasi ya vimeng'enya vinavyoikata DNA.

Inamisha glasi yenye juisi, mimina ethanoli ikitiririka ukutani mwa glasi, usikoroge. Ndani ya dakika chache nyuzi nyeupe hupanda pale tabaka mbili zinapokutana. Mapovu yaliyonasa humo ni hewa tu.

Ulichokishika si jeni moja, yaani kipande kimoja cha DNA chenye maelekezo. Ndizi nyingi tunazokula zina kromosomu (vifurushi vya DNA) 33 katika kila seli, yaani seti 3 za 11, na jeni za zote zimo humo, pamoja na RNA (molekuli inayofanana na DNA), mabaki ya protini na pektini, gundi ya kuta za seli za mimea.