Altezza namba C na chumvi ya Tanga

Kila nikipaki mtu ananiuliza umeipata kwa shingapi. Hajawahi kutokea hata mmoja akaniuliza baada ya kuipata umeweka shingapi, na hapo ndo penyewe. Nina miaka miwili na kitu na hii Toyota Altezza sasa nataka niandike kwa ajili ya yule anayeitamani kama nilivyoitamani mimi, maana nilipokuwa natafuta habari nilikuta picha za rimu na taa za nyuma tu, ya ndani ya boneti hakuna aliyeyasema.

Kwanza ujue unanunua ipi. Altezza zimetengenezwa 1998 mpaka 2005, nje ya Japani zikauzwa kama Lexus IS. AS200 ina injini ya 1G-FE, silinda sita, tulivu, nzuri kwa kutembelea. RS200 ndo ina injini ya 3S-GE ya BEAMS (jina la Toyota kwa injini zao za kisasa za wakati ule), silinda nne, lita mbili hizohizo lakini ile ya klachi, yaani gia za mkono, inatoa nguvu ya farasi 210 kwenye mizunguko 7,600 bila turbo yoyote, gia sita, inasukuma kwa nyuma. Hedi za 3S-GE Toyota walishirikiana na Yamaha kuzitengeneza, na ukiisikia ikipanda juu ya elfu sita unaelewa kwa nini watu wanaisumbukia gari ya zamani namna hii.

Sasa kwa madalali kila Altezza ni RS. Nilienda kuona moja Chumbageni, nembo ya RS200 imebandikwa nyuma inang'aa, dalali anaapa mpaka kwa mama yake. Nikamwambia hebu fungua boneti, nikasoma kile kisahani: GXE10. Hiyo ni AS. RS ni SXE10, basi, usibishane na mtu, soma kisahani halafu kilinganishe na kadi ya gari. Nikashukuru nikaondoka.

Kuagiza Japani sikuthubutu kwa sababu gari ikishapita miaka 10 TRA, watu wa mapato, wanaweka uchakavu wa asilimia 30 juu ya ushuru mwingine, unaweza kukuta kodi imeipita gari yenyewe. Kwa hiyo unanunua iliyopo nchini, na iliyopo nchini ishapita mikono mingi, kila mwenye mkono kaacha deni lake humo ndani na wewe wa mwisho ndo unayalipa. Yangu niliitoa Dar, namba C (herufi za usajili zinaanza na C), klachi, milioni tisa, mwenyewe anahama. Nilimuomba asiiwashe kabla sijafika, na nilipofika nikaweka kiganja juu ya boneti kwanza, ya baridi. Ikawaka vizuri, moshi wa bluu hamna, maji hayana mafuta, nikalipa. Kosa langu kubwa ni kwamba sikufungua hata kile kifuniko cha kuwekea oili nikachungulia kwa tochi ya simu, dakika moja tu ingetosha.

Maana nilipofika nayo Tanga ikaanza kuwa nzito. Mpaka mizunguko elfu nne iko sawa, ukipita hapo kama mtu anaishika kwa nyuma. Mmoja akaniambia ni masega yameziba, yale ya kuchuja moshi kwenye ekzosi, ukichungulia chini masega yenyewe yalishang'olewa zamani na kuuzwa, limebaki bomba tupu. Mwingine pampu ya mafuta, nikabadilisha, hela imekwenda hali ileile. Ndo nikapelekwa kwa mzee mmoja fundi wa Makorora, hana bango wala nini, ana mwembe na benchi. Akaisikiliza kama dakika tano hivi, akasema tufungue kava ya juu.

Jamani. Ndani kulikuwa na kitu cheusi kizito kama masazo ya halua iliyoungulia kwenye sufuria. Akakichota kwa kidole akapaka kwenye kipande cha gazeti, kikakaa vilevile hakienei. Akaniambia, "Mwanangu, hii gari wamekuwa wakiinywesha oili ya kupima." Yaani ile inayouzwa kwa kumiminwa, si ya kopo. Halafu akanieleza taratibu. Hii injini ina VVT-i, mfumo wa kubadilisha muda wa kufunguka kwa valvu za injini, pande mbili, upande wa kuingiza hewa na upande wa kutoa moshi, na kinachozungusha zile kamshafti (shafti za kufungua valvu) mbele na nyuma ni presha ya oili peke yake, inapita kwenye vali ndogo zenye vitundu vyembamba. Oili ikiwa chafu vitundu vinaziba, vali inanata, kamshafti inabaki palepale na nguvu yote ya juu huipati. Gari haijafa, imefungwa mikono tu.

Tukazitoa zile vali tukaziosha, tukashusha sampo, lile bakuli la oili la chini, tukakwangua, chujio la pampu ya oili lilikuwa limebaki na nafasi ndogo sana ya kupitisha. Kwa kuwa tushafungua tukaweka na taimingi belti mpya na bealingi zake pamoja na pampu ya maji, sababu Toyota wanataka belti ibadilishwe kila kilomita 100,000 na hakuna aliyejua ya mwisho ilifungwa lini, na kwenye hii injini ikikatika valvu zinakutana na pistoni, hapo umekwisha. Tangu hapo naweka sintetiki 5W-40 na filta ya maana kila kilomita 5,000, na kila Ijumaa asubuhi kabla ya kuwasha navuta kijiti naangalia, maana hizi zinakula oili kidogo ukiziendesha kwa nguvu na ikipungua mwenye kuumia ni VVT-i ileile.

Injini lakini inatengenezeka. Kwa Tanga kinachonitisha ni kutu. Mi nakaa karibu na Raskazone, upepo wa bahari unaingia usiku kucha, asubuhi ukipitisha kidole kwenye kioo unahisi chumvi. Gari za Japani zenyewe nyingine zimeshatembea kwenye barabara zinazomwagwa chumvi kipindi cha theluji, halafu inakuja kukaa huku. Ukienda kununua lala chini na kinyundo, gonga sehemu za kuwekea jeki na pale shokapu za nyuma zinapofungiwa. Ikitoa mlio wa bati sawa, ikitoa mlio wa boksi la karatasi ujue ni puti na rangi, achana nayo hata kama injini inaimba. Yangu naosha chini kwa maji ya bomba kila wiki na nimepaka dawa ya kuzuia kutu mara mbili.

Wengine wanazishusha mpaka tairi linagusa bodi. Siwezi, matuta ya Muheza yatanikwangulia sampo, na nishaiona kwa ndani siwezi kuifanyia hivyo.

Jumapili iliyopita niliitoa mapema kwenda Segera, baada ya Pongwe barabara ikiwa tupu na mikonge imejipanga pembeni, nikaipeleka gia ya tatu mpaka elfu saba bila kusita. Nilishusha kioo nisikie vizuri. Kurudi nikanunua machungwa Muheza, na kwenye tuta la kwanza nikasikia kitu kinagonga nyuma kulia. Bushi za mikono ya nyuma, zile za kiwandani bila shaka, miaka ishirini na kitu. Nimeagiza seti kutoka Gerezani, Dar, inakuja na basi la kesho, saa kumi niko stendi ya Kange naipokea.